MAJI YA SAKAFUNI: NAMNA YA KUYAONGOZA YASIHARIBU GHALA NA NYUMBA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na wakulima wa Masasi na Newala kabla ya mvua kuanza)



Nimeombwa niseme nanyi habari ya maji. Najua ya kuwa mtu wa Newala akisikia neno hilo hufikiri habari ya kukosa maji, wala si habari ya kuwa nayo mengi. Uwanda wetu wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua inyeshapo, mchanga huinywa, ikazama chini sana mahali mkono wa mtu usipofika. Wazee waliomo humu waweza kutueleza jinsi mama zao walivyokuwa wakiondoka kabla ya alfajiri, wakateremka ukingo wa mlima hadi bondeni, wakarudi jua limekwisha kupanda, mtungi kichwani. Hata baada ya mabomba kuletwa, na hata baada ya Wafini kuisaidia serikali yetu tangu miaka ya 1970 kuchimba visima na kutandaza mabomba katika Mtwara na Lindi, hakuna mwanamke wa huku amwagaye maji pasipo kufikiri.

Lakini leo sitasema habari ya maji tuyatafutayo. Nitasema habari ya maji yatutafutayo sisi, yaani yale yaingiayo ndani ya nyumba na ghala bila kubisha hodi, yakatambaa sakafuni, yakala jasho la mwaka mzima katika usiku mmoja.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja jina, palikuwa na ghala iliyojengwa mtelemkoni. Ili wapate mahali tambarare, mafundi walichimba upande wa juu, na ukuta wa nyuma ukasimama ndani ya ardhi kama mtu aliyezama hadi kiunoni. Sakafu ilipigwa saruji nzuri, laini, ya kupendeza. Wakulima walipeleka korosho zao, magunia yakapangwa juu ya saruji hiyo, yakiegemea ukuta wa nyuma. Mwezi wa Desemba mvua ya kwanza ikanyesha usiku kucha. Asubuhi mtunza ghala alifungua mlango, akaona sakafu inang'aa kidogo tu. Akapiga deki, akaona shauri limekwisha. Siku ya kupima ubora ilipofika, magunia ya chini yaliinuliwa, nayo yalikuwa mazito na yananuka ukungu. Korosho zilizokuwa za daraja la kwanza zikaandikwa daraja la pili, na nyingine zikakataliwa kabisa. Mjane mmoja aliyekuwa na magunia manne alirudi nyumbani na thamani ya mawili. Hakuiba mtu, wala hakuzembea shambani. Aliyemshinda ni maji yenye kimo cha ukucha.

Basi, tuliangalie jambo hili kama watu wazima, tupate kujua sababu yake na dawa yake.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Kwanza, tazameni kalenda yetu. Korosho huanguka tangu Septemba au Oktoba mpaka kuingia mwaka mpya. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zikaendelea mpaka Aprili au Mei. Kwa hiyo mali na mvua hukutana ghalani kila mwaka. Tangu msimu wa 2007/2008, utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho kwa sheria ya mwaka 2005, mkulima hauzi tena mlangoni kwake. Hupeleka mzigo katika chama cha msingi, na kutoka huko huenda ghala kuu chini ya vyama vikuu kama TANECU kwa watu wa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa watu wa Masasi na majirani zake. Mzigo hukaa ukingoja mnada. Siku hizo za kungoja ndizo siku za hatari. Korosho iliyokauka vizuri ina unyevu wa asilimia 10 au pungufu. Ikilala juu ya sakafu yenye maji huyafyonza, ikaota ukungu.

Wala si korosho tu. Mahindi, mtama, karanga na choroko hupatwa na mambo yaya haya. Tena karanga na mahindi yenye unyevu huweza kuota kuvu iletayo sumu mbaya, idhuruyo ini la mtu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Watu walikufa kwa sumu kuvu mwaka 2016 katika Dodoma na Manyara kwa kula mahindi. Basi, sakafu yenye maji si aibu ya nyumba tu. Ni jambo la afya.

Pili, katika baadhi ya nchi za baridi, watu wengi hujenga chumba chini ya nyumba, ndani ya ardhi, nao husumbuliwa sana na maji yaingiayo humo. Sisi hatuna desturi hiyo. Lakini mtu ajengapo mtelemkoni na kuchimba mlima, sakafu yake upande wa nyuma huwa chini kuliko uwanja wa nje. Hapo amejijengea chumba cha chini ya ardhi bila kujua. Maradhi yao huwa maradhi yake, na dawa yao huwa dawa yake.

MAJI YA NAMNA NNE

Mganga hatoi dawa kabla ya kujua ugonjwa. Maji ya sakafuni ni ya namna nne, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni maji ya paa. Paa likimwaga maji karibu na msingi, maji hayo huchimba, huingia chini ya ukuta, hutokea ndani.

La pili ni maji yatembeayo juu ya ardhi, yaani yatokayo upande wa mlima, njiani au uani kwa jirani, yakafika ukutani yakasimama.

La tatu ni maji ya chini, yatembeayo ndani ya udongo au yapandayo kutoka chini. Mnakijua kibatari. Utambi wake umesimama wima, na mafuta yako chini. Lakini mafuta hupanda kidogo kidogo mpaka kileleni bila ya mtu kuyavuta. Udongo mlaini na saruji nazo ni utambi. Zina vitundu vidogo sana, na maji hupanda humo. Ndiyo maana kupiga saruji peke yake juu ya udongo wenye maji hakuzuii kitu.

La nne ni maji ya hewa. Wakati wa masika hewa hujaa mvuke. Hewa hiyo ikiingia ndani na kugusa sakafu baridi, hutoa jasho, kama gilasi ya maji baridi itoavyo jasho kwa nje.

Utajuaje ni maji gani? Chukua kipande cha nailoni, ukubwa wa kama nusu mita kila upande. Kitandike juu ya sakafu kavu, ukibandike kingo zote kwa gundi ya karatasi au uzigandamize kwa udongo, hewa isipite. Kiache usiku na mchana, kisha kitazame. Kama uso wa chini una maji, adui anatoka ardhini. Kama uso wa juu ndio wenye maji, adui ni hewa. Kama pande zote ni kavu lakini sakafu hulowa wakati wa mvua, basi maji huja kwa mbio kutoka nje, ya paa au ya mtelemko. Walimu waweza kulifanya jaribio hili na watoto darasani, gharama yake ni ndogo mno.

MASASI SI NEWALA

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo mafundi wengi husahau. Dawa ya Newala si lazima iwe dawa ya Masasi.

Masasi imezungukwa na milima ya mawe matupu. Mvua ikipiga jiwe, haina pa kuzama. Hushuka yote kwa mara moja. Tena mahali pengi chini ya milima hiyo, ukichimba kidogo wakutana na mwamba. Maji yaliyozama katika udongo hufika juu ya mwamba, yakakataliwa, yakatembea kwa siri juu yake mpaka yakutane na sakafu yako. Ndiyo maana mtu wa Masasi aweza kuona maji yanachuruzika ndani siku mbili baada ya mvua kukoma. Akichimba shimo la kunywea maji karibu na nyumba, shimo hujaa kama mtungi, wala halinywi kitu.

Huku Newala udongo ni mchanga uliochanganyika na udongo mwekundu, nao hunywa maji upesi. Lakini ua uliofagiliwa kila siku kwa miaka 20 na kukanyagwa na miguu mingi huwa mgumu kama sakafu, na maji hukimbia juu yake. Hapa shimo la kunywea maji lafaa sana, maadamu liwe mbali na ukuta, mita 5 au zaidi, na lisiwe karibu na ukingo wa mlima. Ukimimina maji mengi mahali pamoja ukingoni, unalima korongo, na korongo halina adabu. Likianza halimjui mwenye shamba wala jirani yake.

KAZI YENYEWE

Sheria ya kwanza ni hii: zuia maji nje kabla ya kupigana nayo ndani. Mchawi haondolewi akiwa amekwisha kuingia chumbani, hufungiwa mlango. Basi, fuateni kwa taratibu.

Kwanza, paa. Wekeni mifereji ya bati pembezoni mwa paa, na mdomo wake upeleke maji mbali na msingi. Asiye na bati na arefushe mapaa yatoke nje ya ukuta, na chini ya matone apange mawe, maji yasichimbe.

Pili, uwanja. Ardhi ya kuzunguka nyumba na iinamie nje, wala si ndani. Kwa kila mita 1 ishuke sentimita 5, kwa umbali wa mita 2 au 3. Jazeni udongo mgumu na kuushindilia. Lakini msiupandishe hata ukafika juu ya sakafu ya ndani.

Tatu, mfereji wa juu. Upande wa mlima, mita 3 au zaidi kutoka ukutani, chimbeni mfereji uliokata mbele ya maji, ukayaongoza kando ya nyumba kama mwezi mwandamo. Kina cha sentimita 30 hadi 40 chatosha kwa maji ya juu ya ardhi. Mtelemko wake uwe mdogo, sentimita 1 kwa kila mita 1. Ukizidisha sana, maji yatakula mchanga wetu na mfereji utakuwa bonde. Ukipunguza mno, matope yatatulia yauzibe. Fundi asiye na pimamaji ndefu na atumie mpira mweupe uliojazwa maji: maji ya ncha mbili za mpira husimama sawasawa daima, hata nyumba ikiwa katikati. Maji yenyewe hutufundisha kuyapima.

Nne, mfereji wa mawe, kwa maji yatembeayo chini. Huu ndio dawa ya Masasi. Chimbeni shimo refu jembamba upande wa mlima, kina chake kishuke chini kuliko sakafu ya ndani, au kifike mwambani kama mwamba uko karibu. Tandikeni ndani kitambaa au viroba vilivyosukwa, mkalaze bomba lenye matundu kama lipo, mjaze kokoto safi, mkunje viroba juu, mfunike. Maji yatembeayo udongoni yakifika penye kokoto huona njia nyepesi, huanguka humo, huenda zake. Wazungu huuita mfereji wa French, na watu wengi hudhani umetoka Ufaransa. Sivyo. Mmarekani mmoja, Henry Flagg French, mtu wa sheria na mkulima, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya kukausha mashamba, na jina lake likabaki. Nasema hivi ili mjue kwamba hakuweka siri ya mashine, ila mawe, mtelemko na akili. Na mawe Masasi hayanunuliwi mbali.

Lakini angalieni: msichimbe kina kirefu kugusa msingi, hasa wa nyumba ya udongo. Ukiondoa ardhi inayoushika ukuta, utakausha sakafu na kuangusha nyumba.

Mdomo wa mfereji huo utokeze upande wa chini wa mtelemko, mahali maji yaonekane yakitoka. Hiyo ndiyo baraka ya kujenga mlimani: daima kuna mahali pa chini zaidi. Wekeni wavu mdomoni, panya na vyura wasiingie.

SAKAFU YENYEWE

Mtu ajengaye upya na afanye hivi. Ashindilie udongo, juu yake apange mawe au kokoto kubwa kimo cha sentimita 15, juu yake mchanga mchache wa kusawazisha, juu yake nailoni nene, vipande vipandane kwa sentimita 20 au zaidi, kisha zege ya sentimita 10. Mawe yale hukata utambi wa kibatari, maana nafasi zilizo katikati yake ni kubwa mno, maji hayawezi kupanda. Na nailoni hufunga mlango.

Sakafu isiwe sawa kabisa. Ishuke sentimita 1 kwa kila mita 1 kuelekea upande mmoja, na upande huo pawe na kijifereji kidogo kando ya ukuta kipelekacho maji nje kwa bomba. Hivyo, hata maji yakiingia kwa bahati mbaya, yatapita njia moja tuliyoichagua sisi, wala hayatatanda chumba kizima.

Aliye na ghala ya zamani asikate tamaa wala asivunje. Na akate kijifereji upande wa ukuta wa nyuma, upana wa kiganja, ayaongoze maji mpaka kwenye shimo dogo lenye mfuniko, au nje moja kwa moja kwa bomba. Shimo hilo lifunikwe sawasawa, lisije likazaa mbu. Kisha mzigo uwekwe juu ya chaga za mbao, usiguse sakafu, na uwe mbali na ukuta hatua moja ya mtu. Jambo hili moja tu lingaliokoa magunia ya yule mjane. Siku za ukavu fungueni madirisha. Siku za mvua na ukungu yafungeni.

MAJI NA JIRANI

Nimefika mahali pagumu. Nimeona watu wawili, ndugu wa ukoo mmoja, wakishtakiana mbele ya baraza la kijiji. Mmoja alichimba mfereji mzuri, nyumba yake ikakauka, lakini mdomo wa mfereji aliuelekeza jikoni kwa mwenziwe. Alipoulizwa alisema, "Mimi nimechimba katika ardhi yangu." Mzee mmoja akamjibu, "Mfereji ni wako, lakini maji hayana mpaka." Mwisho waliamuliwa wachimbe pamoja mfereji mmoja wa kupita mipaka yao wote, mpaka kwenye shimo katika mchanga, na kila mwaka mwezi wa Oktoba wausafishe pamoja. Tangu siku hiyo husalimiana.

Basi, nawaomba viongozi wa vijiji: jambo hili msiliache kuwa la mtu mmoja mmoja. Kateni shauri mapema maji ya mtaa yatapita wapi, kabla ya mvua kukata shauri kwa niaba yenu. Tumeona kimbunga Kenneth mwezi wa Aprili 2019 kikishuka Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na mvua za Hidaya mwezi wa Mei 2024 zikikata barabara huko Lindi. Mvua kama hizo hazimngoji mtu atafute jembe.

ADUI AWE MTUMISHI

Nimalizie kwa hesabu ndogo, walimu waniangalie nisikosee. Paa la urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 lina mita 60 za mraba. Mvua moja ya milimita 25 juu yake ni lita 1,500, yaani madebe 75 ya lita 20. Madebe 75! Ni safari ngapi za mtoni kwa mama zetu? Na haya ndiyo maji tuliyokuwa tukiyaacha yaingie sakafuni kuharibu korosho.

Kwa hiyo, mtu akikwisha kuweka mifereji ya bati, asiishie kuyatupa. Na ayaongoze katika pipa, au tangi, au kisima kilichosakafiwa na kufunikwa. Mvua ya kwanza ya msimu aiache ipite, maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege, zinazofuata azikinge. Maji ya kunywa yachemshwe. Hivyo kazi moja italeta faida mbili: ghala itakuwa kavu, na mtungi utakuwa umejaa.

Ndugu zangu, wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua ya kwanza ikishuka, tokeni nje mkalowe kidogo; zungukeni nyumba zenu, mtazame maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Robo saa mvuani itawafundisha kuliko maneno yangu yote ya leo. Kisha kesho yake, shikeni jembe.